Yemayá wa Wakuba ni nani? Jibu kwa muuguzi wa Unguja

Swali: Mimi ni muuguzi, nakaa Unguja. Zamani kidogo nilifanya kazi na daktari mwanamke kutoka Matanzas, Kuba. Siku zote alikuwa mtu wa kawaida, lakini ikifika tarehe 7 Septemba alivaa buluu na nyeupe, akashuka pwani na tikiti maji, akalipasua, akalimiminia asali na kuliachia mawimbi. Alisema anamsalimia mama yake, Yemayá. Chumbani kwake alitundika picha ya Bikira Maria mweusi aliyempakata mtoto mweupe. Wenzangu walisema anafuga jini la bahari. Alipoondoka aliniachia uzi wa shanga za buluu na nyeupe. Huyo Yemayá ni jini, ni nguva, au ndiye Maria? Na hizi shanga nizifanye nini?

Jibu: Dada yangu, nianze na shanga, maana nadhani ndizo zinazokukosesha usingizi. Katika dini ya huyo daktari, ambayo wengi huiita Santería, kila orisha, yaani kila mmoja wa wakubwa wa kiroho wanaowatumikia, ana mkufu wenye rangi na hesabu yake. Wa Yemayá mara nyingi hutungwa punje saba za buluu, saba nyeupe au za kioo, kisha saba za buluu tena, mpaka uzi uzunguke. Saba ndiyo hesabu yake katika kila jambo. Lakini uzi ukishatungwa unakuwa pambo tu. Unageuka kuwa shanga za dini pale unapooshwa kwa maji yaliyofikichiwa majani mabichi, ukalishwa, na mtu akavishwa na mama yake wa dini mbele ya watu wa nyumba hiyo. Aliyevishwa huzivua anapooga na anapolala na mumewe, na haziazimwi. Anayejua zilivyopatikana haziachi mkononi mwa mwenzake wa kazini. Kwa hiyo ulizonazo karibu hakika ni zawadi ya kawaida, za aina inayouzwa mitaani huko Kuba kwa yeyote mwenye fedha. Zivae au zitundike, hazikudai kitu. Ukibaki na shaka, mwandikie umuulize neno moja tu: zilioshwa?

Sasa jini. Nawaelewa wenzako, kwa sababu mtu wa pwani akimwona mwenzake anazungumza na bahari, jibu la kwanza linalomjia ni hilo. Lakini jini letu lina kabila lake na dini yake, huweza kurithiwa, kununuliwa, kufugwa, hata kutumwa kwa adui. Yemayá hafugwi wala hatumwi. Kwa wafuasi wake mambo yako kinyume: mtu ndiye aliye wake, tangu kabla hajazaliwa. Wanaamini kila kichwa kina orisha wake, na anajulikana kwa kupiga bao la ramli, si kwa kuchagua. Daktari aliposema "mama yangu" hakuwa anapamba maneno. Alikuwa anataja nasaba.

Juu ya maorisha wote yuko Olodumare, aliyeumba, ambaye hajengewi madhabahu wala hachinjiwi. Maorisha wako chini yake, kila mmoja na sehemu yake ya ulimwengu: Oshún ana mito na uzuri, Changó ana radi na ngoma, Ogún ana chuma, Elegguá anafungua na kufunga njia, Yemayá ana bahari na uzazi. Ndiyo maana tunapomwita "mungu wa kike wa bahari" tunarahisisha tu. Hata jina Santería walipewa na watu wa nje, Wakatoliki waliowakejeli kwamba wanashughulika mno na watakatifu, ingawa leo wengi hulitumia bila kinyongo. Wenyewe, hasa wazee, husema Regla de Ocha au Lucumí.

Wenzako wana haki katika jambo moja: kupanda kupo, yaani orisha kumwingia mtu. Kwenye sherehe hupigwa ngoma tatu za batá, zenye ngozi pande mbili na kulazwa mapajani, na kubwa kuliko zote huitwa Iyá, mama. Zikifika kwenye mapigo ya Yemayá, anayeweza kuwa kiti chake hupandwa. Huchukuliwa ndani, akavikwa gauni la buluu, akapewa upepeo, akarudi uwanjani akiwa si yeye tena. Huanza polepole, anayumbisha sketi kwa viganja huku na huku, kisha mwendo unakaza, anazunguka na kuzunguka hadi kitambaa kinasimama hewani, na kicheko chake kinasikika mpaka nje ya nyumba. Hakuna anayejaribu kumtoa. Watu hulala chini kumwamkia, wakaambiwa yao: mmoja aende hospitali, mwingine apatane na dada yake. Mtu wa ngoma za pepo za Unguja au Mombasa angeyatambua mengi hapo. Tofauti ni kwamba hapa hakuna ugonjwa unaotafutiwa dawa. Mgeni amekuja kwake.

Jina lake ni la Kiafrika, kwa sababu ametoka Afrika, upande wa magharibi. Nyumbani kwake ni Nigeria ya leo, katika nchi ya Wayoruba, na wala hakuwa wa bahari. Yemoja, kama anavyoitwa huko, mama ambaye watoto wake ni samaki, ni mwenye mto Ogun (si Ogún yule wa chuma) unaopita Abeokuta, mji ulioanzishwa karibu 1830 na Waegba waliokimbia vita. Mpaka leo ana madhabahu huko, na wanawake wanaotafuta watoto humwendea. Bahari kwa Wayoruba ina mwenyewe mwingine, Olokun.

Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyompeleka Kuba. Dola ya Oyo, ya Wayoruba, ilipoporomoka katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, mateka waliuzwa kwa maelfu kupitia bandari za Lagos na Ouidah, wakati Kuba ilikuwa na njaa ya vibarua wa miwa. Uhispania ilitia saini mkataba na Uingereza mwaka 1817 kwamba biashara ya watumwa ingekoma 1820. Magendo yakaendelea hadi 1867 hivi, na utumwa wenyewe haukufutwa Kuba mpaka 1886. Kwa jumla kisiwa hicho kilipokea Waafrika zaidi ya laki saba katika karne zote hizo. Hawakuwa wa magharibi tu. Wamakua kutoka Msumbiji nao walipelekwa, na huko walihesabiwa kama taifa mojawapo la watumwa. Ila Yemayá si wao waliomleta. Walimleta Wayoruba, ambao Kuba waliitwa Walucumí, na waliofika wakiwa wengi na kwa kuchelewa, kiasi kwamba wazee wanaoheshimika leo wangali wakitaja kwa majina babu na bibi wa dini waliozaliwa Afrika.

Mama wa mto amekuwaje mama wa bahari? Majibu ni mengi na wataalamu hawajakubaliana. Mto Ogun haukuwepo Kuba, na maji baridi yalibaki kwa Oshún. Olokun naye alishushwa chini kabisa, kwenye kina kisichofikiwa na macho, na kuna kisa kwamba orisha mwingine, Obatalá, alimfunga kwa minyororo huko chini asije akaizamisha dunia. Ule upande wa bahari unaoonekana, penye mwanga, povu, samaki na vyombo, ukawa wa Yemayá. Mimi naona sababu kubwa ni safari yenyewe. Watu wa makabila yaliyopigana kwao walishushwa bandari moja, na kitu pekee walichokuwa wamepitia wote ni yale maji. Mama anayepokea watoto wa kila aina hakuweza tena kuwa wa mto wa mji mmoja.

Hapo ndipo Maria anapoingia. Ng'ambo ya ghuba ya Havana kuna mji mdogo wa Regla, na kanisa lake liko ukingoni mwa maji, hatua chache kutoka kwenye gati la kivuko. Kibanda cha kwanza cha ibada kilijengwa 1687, na Bikira wa Regla alitangazwa msimamizi wa ghuba hiyo mwaka 1714. Sanamu yake ni nyeusi na mtoto ni mweupe, kama picha uliyoiona chumbani kwa daktari. Ametoka Chipiona, kusini mwa Uhispania, na masimulizi ya Kikatoliki yanadai kwamba sanamu ya asili ilichongwa kwa amri ya Mtakatifu Agostino kule Hippo, Algeria ya leo, kisha watawa wakakimbia nayo kuvuka bahari. Ukweli wa masimulizi hayo tuuache. Fikiria tu Mlucumí aliyeshushwa bandarini akaona mama mweusi, amevaa buluu, anasimamia maji, na mabaharia wanamwomba ulinzi. Hakuhitaji kuelezwa.

Wengi husema watumwa "walimficha" orisha nyuma ya mtakatifu ili wasichapwe. Si uongo, lakini hauelezi kwa nini watu waliokuwa huru tangu zamani waliendelea kwenda misa kwa moyo wao wote. Vyama vya mataifa ya Waafrika, vilivyoruhusiwa na serikali ya kikoloni, vilikuwa na bendera ya mtakatifu mbele na ngoma ya orisha nyuma, na vya Regla viliendelea kuandamana mitaani na Bikira wao hadi 1961. Sherehe ni 7 Septemba, siku uliyomwona daktari akishuka pwani. Kesho yake, tarehe 8, ni ya Bikira wa Caridad, ambaye ndiye Oshún. Siku hizo kivuko hujaa watu wa buluu na nyeupe, na wapo wanaotupa sarafu majini kabla hakijagusa gati. Nje ya kanisa wanawake huuza maua, mishumaa na wanasesere weusi waliovishwa buluu, na wengine hukutazamia kwa karata hapo hapo. Ukimwuliza mmoja wao kama Yemayá na Bikira ni kitu kimoja, atakujibu ndiyo, na huenda baada ya dakika tano akakuambia kila mmoja ana nyumba yake. Majibu yote mawili ni ya kweli kwake. Kuna nyumba, hasa Marekani tangu miaka ya 1980, ambazo zimeondoa kabisa sanamu za Kikatoliki zikidai kurudi kwenye asili ya Kiyoruba. Daktari wako, kwa picha ile, si wa hao.

Nguva hana uzito mkubwa Kuba. Picha za mwanamke mwenye mkia wa samaki zimeenea kutoka kwa Mami Wata wa Afrika Magharibi, Lasirèn wa Haiti, na hasa Brazil. Huko anaitwa Iemanjá, na kila tarehe 2 Februari wavuvi wa Rio Vermelho, mjini Salvador, hupeleka baharini vikapu vya maua, manukato na vioo. Katika sanamu nyingi za Brazil ni mwanamke mweupe mwenye nywele ndefu, jambo linalozua mabishano huko kwenyewe. Ukimtafuta kwenye intaneti huyo ndiye atakayejaa kwenye simu yako.

Kwa Wakuba makao yake ni mawe. Bakuli kubwa la kauri lenye mfuniko, la aina ya kuandalia supu mezani, buluu na nyeupe, huwekwa ndani yake mawe ya mviringo yaliyookotwa majini, maji ya bahari, na kete zake. Hayo mawe ndiyo yanayolishwa na kusalimiwa, na mwenye nyumba huhama nayo kama anavyohama na watoto. Chakula chake ni tikiti maji, asali ya miwa, ndizi, nazi, na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka. Katika ibada kubwa huchinjiwa kondoo dume, bata na jogoo, na nyama kwa kawaida hupikwa ikaliwa na waliohudhuria.

Tabia yake wafuasi huijua kwa visa. Ninachokipenda ni cha Changó, aliyeondoka nyumbani mdogo akarudi mtu mzima, mcheza ngoma, mpenda wanawake. Kwenye karamu moja akamwona mwanamke wa makamo, amejaa fahari, asijue kuwa ni mama yake, akaanza kumtongoza. Yemayá akatabasamu, akamwambia twende kwangu. "Kwako wapi?" "Pale, penye buluu." Changó akasita, maana hakujua kuogelea, lakini aibu ya kukataa ilimzidi. Wakapanda mtumbwi. Walipofika katikati mama akajirusha majini, wimbi likainuka, mtumbwi ukapinduka, na yule bingwa akabaki anakunywa chumvi na kulia aokolewe. Mama akamtazama. Obatalá akaja kumsihi: utamwachaje afe, ni mwanao. Yemayá akamtoa na kumwambia amheshimu mama yake. Ndivyo alivyo: haraka ya hasira hana, na ikija haina mpaka, na ikiisha inakuwa imeisha.

Tena hayuko mmoja. Ana "njia" nyingi, kila moja na sura yake. Okute hubeba panga, huishi penye miamba na hutembea na Ogún. Achabá ana mnyororo wa fedha kifundoni, na humsikiliza mtu akiwa amempa mgongo. Asesú ni msahaulifu: akipewa bata hukaa akihesabu manyoya, akipotea hesabu huanza upya, ndiyo maana dua zake hujibiwa kwa kuchelewa. Mtoto wa Asesú hufundishwa subira tangu siku ya kwanza, na watu humtania kwa hilo.

Zile kete nilizozitaja zinatugusa sisi. Ni kauri ndogo za baharini, mgongo umekatwa ili zilale sawasawa. Hutupwa 16 mkekani, na zilizoangukia mdomo juu huhesabiwa. Ikiwa tano, Oshún anasema. Ikiwa saba, ishara ya Odí, Yemayá anasema kwa nguvu. Kisa chao ni kwamba Yemayá alikuwa mke wa Orunmila, mwenye elimu ya ramli. Mume aliposafiri, wateja wakaja, naye akaanza kuwatazamia kwa kete, na majibu yake yakatoka ya kweli kuliko ya mumewe. Orunmila aliporudi akakuta foleni mlangoni kwake. Wakagombana, wakaachana, na elimu ikagawanywa: ishara za 1 hadi 12 zikabaki za kete, za 13 hadi 16 zikawa za Orunmila. Hata leo msomaji wa kete akipata 13 hukusanya vitu vyake na kumpeleka mteja kwa babalawo, kuhani wa Orunmila.

Kauri zilikuwa pia fedha ya Wayoruba. Kwanza zilitoka Maldivi. Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, kampuni ya O'Swald ikiwa miongoni mwao, waligundua kwamba kauri za pwani yetu ni rahisi zaidi. Walizinunua Zanzibar na kuzipeleka kwa shehena nzima Lagos na Ouidah kununulia mafuta ya mawese, zikawa nyingi mpaka thamani ya fedha hiyo ikaporomoka. Ni miaka ile ile, na bandari zile zile, ambamo Walucumí wa mwisho walipakiwa kwenda Kuba. Wenzako wanaodhani daktari alikuja na kitu kigeni kabisa ufukweni Unguja wangeshangaa kujua kauri ngapi ziliondoka hapo kwenda nchi ya mama yake.

Utauliza, mbona hakukueleza haya yote? Labda ni tabia yake, lakini kuna historia. Chama cha Kikomunisti cha Kuba hakikupokea mtu wa dini mpaka 1991, na katiba ilipobadilishwa mwaka uliofuata dola ikaacha kujiita isiyoamini Mungu. Waliosoma udaktari kabla ya hapo walijifunza kufunga kabati lenye bakuli. Marekani nako wafuasi walipambana kivyao. Mji wa Hialeah, Florida, ulipiga marufuku uchinjaji wa ibada ukiwalenga wao, na mwaka 1993 Mahakama Kuu ya Marekani ikabatilisha sheria hizo kwa kauli moja.

Jambo la mwisho, kwa sababu ukianza kutafuta jina hili utakutana nalo. Wapo watu mitandaoni, wengine wakiandika hata kwa Kiswahili, wanaouza "kuingizwa kwa Yemayá" kwa simu, ulipe upewe nyota, utajiri na mume. Kuingia kwenyewe ni hivi: mwali huwekwa ndani siku saba, hunyolewa, orisha huwekwa kichwani pake kwa mikono ya watu waliokwisha kuwekwa, na siku ya tatu husomewa kete zinazomwambia miiko yake ya maisha. Akitoka huvaa nyeupe mwaka mzima, hula mkekani, miezi ya mwanzo hajitazami kwenye kioo, na hashikani mikono na watu ovyo. Gharama ni kubwa, na mwenye nyumba humjua mwali kwa muda mrefu kabla ya kumkubali. Wengi wanaompenda Yemayá hawafiki huko kabisa. Wanabaki na mshumaa, tikiti maji na safari ya ufukweni mara moja kwa mwaka. Anayekuahidi kichwa chako kwa muamala wa simu hajawahi kuingia chumba hicho, na namba yake ifunge.